Boksi la TV Linaloamka Usiku: Lilaze Vizuri, Uokoe Tokeni na Bando

Umenunua tokeni Jumatatu, na kufikia Alhamisi mita imeanza kulia. Bando la wiki nalo limekata kabla ya wikendi kufika. Nyumbani hakuna mgeni, pasi haijaguswa, na watoto wako shule mchana kutwa. Halafu siku moja unaamka saa tisa usiku kunywa maji, unakuta sebule inang'aa: TV imewaka, na boksi ulilolizima kabla ya kulala linacheza video ambayo hakuna mtu aliyeichagua.

Swali la aina hii tunalipata sana kutoka kwa wateja wetu wa Nakuru mjini, Njoro, Gilgil na hata Molo. Sababu ni rahisi: tokeni, bando na app za filamu zote hulipiwa kwa simu, kwa hivyo pesa ikiisha haraka mtu anafikiria kwanza kuhusu akaunti yake. Mara nyingi ukipitia taarifa ya malipo unakuta kila kitu kiko sawa. Pesa haikuibiwa kwa simu. Ilitumika sebuleni.

Katika somo hili tutaangalia mambo matatu: boksi lisilolala linakula pesa ngapi hasa, utajuaje kinacholiamsha, na utalirekebisha vipi wewe mwenyewe kabla ya kulipa fundi au kununua jipya.

Kulala, kuzimwa na kusinzia

Kwanza tuelewane kuhusu maneno, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea.

Boksi likiwa limezimwa kwa soketi, halina stima kabisa. Likiwa limelala, lina stima kidogo tu ya kusubiri rimoti, mara nyingi wati moja au mbili, na TV haipati picha kutoka kwake. Halafu kuna hali ya tatu: zile picha nzuri za milima na maziwa zinazokuja ukikaa bila kugusa rimoti. Hizo ni mapambo tu. Boksi liko macho, TV iko macho, na picha zenyewe zinaweza kuwa zinatoka kwa intaneti.

Kuna kitu kingine cha kucheki. Ukizima TV kwa rimoti ya TV, si lazima boksi lizime pia. Maboksi mengine hujua TV imezimwa na kusimamisha video. Mengine huendelea kama kawaida, likimaliza video moja linaingia nyingine, hata kama skrini ni nyeusi. Wewe umelala, lakini bando halijalala.

Tupige hesabu kabla ya kulaumu

Uniti moja ya stima ni kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa moja. Bei yako ya uniti iko kwenye meseji ya tokeni: chukua pesa ulizolipa, gawanya kwa uniti ulizopata. Ukilipa Sh 560 na kupata uniti 20, basi uniti moja imekugharimu Sh 28 pamoja na makato yote. Tutatumia bei hiyo kwa mfano wetu. Wewe weka yako.

Boksi peke yake: tuseme likiwa macho linatumia wati 5. Likikesha saa saba kila usiku kwa siku 30, ni kama uniti moja tu. Hiyo ni Sh 29 hivi kwa mwezi. Sio kitu cha kukunyima usingizi.

TV ambayo boksi limeiamsha: tuseme ni ya inchi 43 na inatumia wati 70 (namba yako iko kwenye kibandiko nyuma ya TV). Saa saba mara siku 30 inakuja uniti 14.7, karibu Sh 412 kwa mwezi. Hapo sasa mambo yamebadilika.

Na kuna jambo lingine juu ya hilo. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wa Kenya Power wamegawanywa katika makundi matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 31 na 100, na wanaozidi 100. Kila kundi likipanda, bei ya uniti inapanda. Mtu wa chumba kimoja pale Free Area anayetumia uniti 25 kwa mwezi, akiongezewa hizi 14.7 na TV inayojiwasha, anatoka kundi la bei ya chini. Hapo hata uniti za taa na za kuchaji simu zinakuwa ghali. Stima ya mvuke inachimbwa hapa jirani Olkaria, lakini mita haijali ujirani.

Bando: hapa ndipo penye uchungu. Netflix wenyewe wanasema video ya ubora wa kawaida hutumia hadi GB 1 kwa saa, ya HD hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Kama boksi linatumia hotspot ya simu yako au ruta ya bando, na limebaki likicheza HD kuanzia saa tano usiku, bando la GB 10 linaweza kuwa limeisha saa nane na dakika ishirini. Ukiamka asubuhi unaanza kulaumu mtandao.

Kwa hivyo shida si boksi lenyewe. Shida ni vitu linavyoviamsha: TV na bando. Ukijua hilo, utajua pia pa kuanzia kutafuta.

Jaribio la usiku nne

Watu wengi wakipata shida hii wanabadilisha mipangilio mitano kwa mpigo. Boksi likitulia hawajui ni lipi lilisaidia, na likirudia wanaanza upya. Njia nzuri ni kuondoa kitu kimoja kila usiku. Kila usiku laza boksi kwa rimoti yake, hakikisha taa yake imebadilika, kisha asubuhi angalia kama bado limelala.

Usiku wa 1: Chomoa waya wa HDMI unaounganisha boksi na TV. Boksi likilala hadi asubuhi, TV na boksi ndio wanaamshana.

Usiku wa 2: Rudisha waya. Zima ruta au hotspot. Likilala hadi asubuhi, kuna kitu kwenye intaneti au simu ya mtu inayoliamsha.

Usiku wa 3: Washa ruta. Toa betri za rimoti ya boksi, na uchomoe kila kitu kilicho kwenye USB: flashi, diski, na kale kadude kadogo ka kipanya au kibodi isiyo na waya. Likilala, mwenye makosa ni mmoja wao.

Usiku wa 4: Rudisha vyote, lakini kabla ya kulaza boksi toka kwenye app kabisa, urudi kwenye ukurasa wa mwanzo. Likilala, kuna app uliyokuwa ukiiacha wazi.

Andika matokeo kwenye simu, hata kama ni maneno mawili tu. Ukitaka kujua na pesa, soma mita ukienda kulala na usome tena ukiamka. Usiku wa kwanza acha boksi kama kawaida, usiku mwingine chomoa TV na boksi zote mbili kwenye soketi. Friji itakuwa inakula usiku zote mbili, kwa hivyo tofauti kubwa utakayoona inatoka sebuleni.

Sababu na dawa zake

TV na boksi kuamshana. Waya wa HDMI haubebi picha na sauti pekee. Unabeba pia amri, kupitia mfumo unaoitwa HDMI-CEC. Ndio maana rimoti moja inaweza kuwasha TV na boksi pamoja. Samsung huuita Anynet+, LG huuita SimpLink, na Sony huuita Bravia Sync. TV ikicheki ni nini kimeunganishwa, boksi linadhani limeitwa, linaamka. Boksi nalo likiamka, linaamsha TV. Ni kama majirani wawili wenye mbwa: mmoja akibweka, wote wanabweka.

Dawa: ingia kwenye mipangilio ya TV, tafuta jina hilo, na uzime sehemu ya kujiwasha. TV na maboksi mengi hukuruhusu kuzima ile ya kuwasha peke yake na kuacha ile ya kuzima, ili ukizima TV boksi nalo lilale. Kwa Apple TV, nenda Settings, halafu Remotes and Devices, uzime Control TVs and Receivers. Kwa maboksi ya Android TV na Google TV majina hutofautiana, lakini tafuta maneno HDMI au CEC ndani ya Settings.

Stima kupotea na kurudi. Hii wakaaji wa huku wanaijua vizuri, hasa msimu wa mvua. Maboksi mengi stima ikirudi hujiwasha, hayakumbuki kwamba yalikuwa yamelala. Yakijiwasha, yanaamsha TV. Kama asubuhi unakuta saa ya microwave inamweka sifuri, basi umepata jibu. Dawa ni kuzima kwa soketi kila usiku. TV guard husaidia kulinda vifaa stima ikirudi kwa nguvu, lakini haizuii boksi kujiwasha baada ya stima kutulia.

Boksi linalopata stima kutoka kwa TV. Vile vijiti vidogo vya kuchomeka nyuma ya TV wengi huvipa stima kupitia tundu la USB la TV. TV ikizimwa, USB inakatika. Kwa TV nyingine USB hurudi baadaye, kijiti kinaanza upya, kinaiamsha TV. Mzunguko haumaliziki. Dawa: tumia chaja yake kwenye soketi ya ukutani.

Simu na Wi-Fi ya ploti. Ukibonyeza alama ya kurusha video kwenye YouTube, simu inaliamsha boksi. Ni kazi nzuri kama ni wewe. Lakini kwenye ploti nyingi za Section 58, Kiamunyi au Lanet, Wi-Fi moja inatumiwa na nyumba tatu au nne. Simu ya jirani ikiwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo inaweza kuona boksi lako, na kijana wa nyumba ya pili akibonyeza jina lisilo lake, TV yako ndio inaamka. Hana nia mbaya. Majina yanafanana tu.

Dawa: lipe boksi jina lako ili mtu asikosee. Kama ruta ni yako, badilisha neno la siri na uwape wageni mtandao wa wageni, ruta nyingi zina sehemu hiyo. Kama ni ya mwenye ploti, muulize kama anaweza kutenganisha nyumba. La sivyo, ondoa boksi kwenye Wi-Fi usiku.

Rimoti na vya USB. Kitufe kilichokwama kwa vumbi au soda hutuma amri usiku kucha. Futa rimoti kwa kitambaa kikavu, badilisha betri zote mbili kwa pamoja, na usiiache katikati ya mito ya kiti. Kipanya kikiguswa na paka au kikitetemeka juu ya meza, nacho kinaamsha boksi.

App iliyoachwa wazi. App ya muziki au video iliyosimamishwa katikati inaweza kulizuia boksi kulala. Jizoeze kurudi ukurasa wa mwanzo kabla ya kulizima. Pia zima kuendelea kwenyewe kwa video inayofuata. Kwenye YouTube tafuta Autoplay. Kwenye Netflix iko ndani ya mipangilio ya kila profaili.

Weka pia muda wa kulala. Kwenye Apple TV ni Settings, General, halafu Sleep After. Kwenye Google TV tafuta Energy Saver, kawaida iko ndani ya System. Dakika 15 au 30 zinatosha.

Na kama taa ya boksi inawaka dakika chache usiku lakini TV haiwaki, usijali sana. Maboksi mengi huamka kimya kimya kuchukua masasisho kisha yanalala tena.

Kama boksi lako halina jina linalojulikana

Kuna kesi moja ambayo haihusu tokeni pekee. Mwezi Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, lilitoa onyo kwa umma kuhusu mtandao wa wahalifu unaoitwa BADBOX 2.0. Kati ya vifaa vilivyotajwa ni maboksi ya TV ya bei ya chini yanayotumia Android bila kuidhinishwa na Google. Mengine yalitoka kiwandani yakiwa tayari na programu ya wizi ndani. Mengine yaliipata mwenye kifaa alipoweka app kutoka nje ya duka rasmi. Baada ya hapo intaneti ya nyumba inakuwa njia ambayo watu wengine wanapitia kufanya mambo yao, na mwenye nyumba hana habari.

Boksi kama hilo haliwezi kulala kwa sababu lina kazi. Dalili za kuangalia ni hizi:

- Lilikuja na ahadi ya kutazama filamu na mechi zote bure, milele.
- Wakati wa kuliweka lilikuambia uzime Google Play Protect.
- App zake zinatoka kwenye duka usilolijua.
- Bando linaisha hata siku ambazo hamkutazama kitu, na likichomolewa bando linadumu.

Ukiona dalili mbili au zaidi, lichomoe na usiliunganishe tena kwenye Wi-Fi unayotumia kwa simu yako. Usiliwekee namba ya kadi wala akaunti yako kuu ya barua pepe. Kama uliwahi kuziweka, badilisha neno la siri kutoka kwa simu, si kutoka kwa boksi hilo. Ukienda kununua lingine, tovuti ya Android TV ina orodha ya kampuni zinazoshirikiana na Google. Icheki ukiwa dukani, kabla ya kulipa.

Funga mlango wa pesa

Boksi linaloamka ovyo liko pia karibu na mkono wa mtoto. Kwa hivyo, hata kabla ya kumaliza jaribio la usiku nne, fanya haya leo:

1. Kwenye duka la app la boksi, weka sharti la neno la siri au PIN kwa kila ununuzi. PIN hiyo isiwe sawa na PIN ya pesa kwenye simu.
2. Pitia app unazolipia kila mwezi. Ambayo hakuna mtu ameitazama kwa miezi miwili, isimamishe ndani ya app yenyewe. Kufuta app kwenye boksi hakusimamishi malipo.
3. Kama unalipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu yako, weka humo kiasi cha mwezi huo tu.
4. Tunza meseji za tokeni na za bando. Ukilinganisha tarehe, utaona mara moja wiki ambayo kitu kilibadilika.
5. Mtu akikupigia akisema anatoka kwa kampuni ya TV, ya stima au hata kwetu, na anataka PIN au namba ya siri iliyotumwa kwa meseji ili "kufungua boksi," kata simu. Kurekebisha boksi la TV hakuhitaji PIN yako ya pesa, na sisi hatutakuuliza kamwe.

Kabla ya kununua jipya

Ukifika usiku wa nne bila jibu, cheki kama kuna sasisho la programu ya boksi, halafu lirudishe kwenye hali ya kiwandani. Andika kwanza barua pepe na maneno ya siri ya app zako, maana vyote vitafutika. Likikataa hata hapo, bado unayo dawa ya bei ndogo kuliko zote: soketi yenye swichi, au kebo ya soketi nyingi yenye kitufe. TV na boksi kwenye kitufe kimoja, unazima ukienda kulala. Friji na ruta ziache kwingine.

Kwa hesabu yetu ya juu, TV inayokesha inakula karibu Sh 412 kwa mwezi, yaani Sh 4,944 kwa mwaka, kabla hujahesabu bando hata moja. Hiyo ni pesa inayoweza kununua tokeni za miezi kadhaa kwa nyumba ndogo.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya kulala, anza na usiku wa 1: chomoa waya wa HDMI, laza boksi, usome mita. Kesho asubuhi utakuwa na jibu la kwanza. Na ukiona kwenye taarifa yako ya malipo kiasi ambacho hukukituma wewe, hiyo si kazi ya boksi. Wasiliana nasi siku hiyo hiyo kupitia sehemu ya msaada ndani ya app, tuifuatilie pamoja.